Bakuli la Kasiani

Anjelina alikuwa hajavua hata viatu vya shule, Bibi Veridiana ameshaanza kuita kutoka barazani.

"We Anjelina! Umefika?"

"Abee, Bibi. Nimefika. Shikamoo."

"Marahaba. Mume wangu ana njaa huku. Mpikie uji kabla hajanitafuna mimi."

Huyo mume wa Bibi alikuwa Kasiani, mdogo wake Anjelina, mwenye umri wa miezi kumi na minne na meno sita. Alikuwa ameketi juu ya gunia karibu na Bibi, kimya, ameshika ganda la korosho kama mtu aliyesahau alilishika la nini. Majirani walimsifu sana kwa ukimya huo. "Mtoto huyu hasumbui," walisema. "Unamweka hapa, unamkuta hapahapa."

Ulikuwa mwezi wa kumi, na pale Chilandu, kijiji kilicho juu ya uwanda wa Newala, mwezi wa kumi una kazi moja tu. Korosho zinaanguka, watu wanaokota. Mama Anjelina alikuwa ametoka alfajiri, ndoo kichwani na mimba ya miezi sita mbele. Baba alikuwa hukohuko shambani. Bibi, ambaye magoti yake yalikwisha kukataa safari za shamba, alibaki nyumbani kuchambua korosho, mbichi huku, kavu kule. Kasiani alikuwa ameachishwa ziwa ghafla mama alipojua ana mimba, maana wanawake wenzake walimwambia maziwa ya mjamzito yatamwumiza mtoto. Basi kazi ya kumlisha mchana ikawa ya Anjelina wa darasa la sita. Mama alikuwa amempa maelekezo mara nyingi, hata Anjelina aliweza kuiga sauti yake: "Karanga zilizotwangwa vijiko viwili, ziive na uji. Yai moja la kuchemsha, umpondee. Umlishe taratibu, Anjelina. Ta-ra-ti-bu!"

Siku hiyo, kama siku zote, uji ulipoanza kupoa sauti ikapenya kwenye ua wa mabua.

"Anjelina! Unakuja, au nafasi yako tumpe Furaha?"

Alikuwa Mwanasha, rafiki yake. Wasichana walikuwa wanapanga timu za rede, na katika mchezo wa rede hakuna aliyekwepa mpira kama Anjelina.

"Nakuja, Mwanasha! Nisubirini, namlisha huyu bwana!"

Akampakata Kasiani, akamtia kijiko cha kwanza mdomoni. Nusu kikateremka kidevuni. Kijiko cha pili Kasiani akakigeuzia shavu.

"Hutaki?" akauliza Anjelina. "Haya, usitake."

Sasa uji wenye karanga si kitu cha kumwaga. Una utamu wake, na yai lililopondwa likiwa bado la moto lina harufu ya kumwita hata aliyeshiba. Anjelina akala kijiko kimoja ili chakula kisipotee. Akala cha pili kwa sababu hiyohiyo. Alipofika cha nane bakuli lilikuwa jeupe. Akamfuta Kasiani kidevu, akamrudisha kwenye gunia, akakimbia.

"Amekula?" Bibi akauliza.

"Amekula, Bibi!"

Jioni waliketi kula. Ugali wa muhogo ulikuwa umepakuliwa kwenye sinia moja, kisamvu pembeni, na watoto wote wamelizunguka. Godwin, mwenye miaka tisa, alikuwa na mkono wenye kasi ya panya. Kasiani alikuwa bado anatazama ni upande upi aanze, wenzake wakawa wanakwangua chini. Mama, ambaye miguu ilikuwa imemvimba, aliuliza kutoka kwenye mkeka, "Kasiani amekula?"

"Amekula," akasema Godwin mdomo ukiwa umejaa.

"Nimemwona kwenye sinia," akasema Bibi.

"Na mchana alikula uji," akasema Anjelina.

Mama akashukuru, akajinyoosha.

Jumamosi ikawa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Wanawake walijaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, kila mmoja na mtoto na kadi yake. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti, na watoto walitundikwa mmoja mmoja, wakilia kwa zamu. Nesi Dorika alikuwa anaandika. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, na asubuhi ile alikwisha kukasirika kabla jua halijawa kali.

"Jamani akina mama, nimechoka," alisema. "Nilipoanza kazi hii, katika nchi yetu karibu nusu ya watoto wadogo walikuwa wamedumaa. Nusu! Leo ni kama watatu katika kila kumi. Hata huko duniani idadi inashuka mwaka hadi mwaka. Taratibu mno, lakini inashuka. Watu wamejifunza, wamebadilika. Halafu mimi nakuja Chilandu, mbele ya nyumba kuna kuku, nyuma kuna karanga, mbaazi ziko shambani, mikorosho imetuzunguka, na ndani kuna mtoto anakula ugali na mlenda. Mayai mnapeleka dukani, mnarudi na biskuti na soda! Nikisema mnaitikia 'ndiyo, Nesi'. Nikigeuka, ni yaleyale. Mnasubiri nini?"

"Ndiyo, Nesi," wakaitikia.

Nesi Dorika akavua miwani, akafumba macho kidogo, akaivaa tena.

Zamu ya Kasiani ikafika. Akatundikwa kwenye mizani, wala hakulia. Nesi akasoma mara mbili, akaandika kwenye kadi, akaunganisha nukta kwa mstari. Anjelina alichungulia. Alikuwa anajua zile rangi tatu za kadi, kijani, kijivu na nyekundu. Mstari wa Kasiani, uliokuwa kijani, ulikuwa umelala kama mtu aliyechoka, ukaingia kwenye kijivu.

"Kilo saba na pointi tisa," akasema Nesi. "Mwezi uliopita saba na pointi tisa. Mwezi ule mwingine pia saba na pointi tisa. Mama Anjelina, mtoto huyu kwa miezi mitatu hajaongeza hata uzito wa korosho kumi! Akiendelea hivi ataangukia nyekundu. Nani anamlisha?"

"Mchana ni dada yake huyu hapa," akasema mama kwa sauti ndogo.

Nesi akamgeukia Anjelina. "Unampa nini?"

Anjelina akasimama kama darasani. "Uji wa karanga na yai moja, Nesi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Anamaliza?"

Anjelina akatazama kadi. Akatazama umati. Mwanasha alikuwa pale na mama yake, anasikiliza.

"Anamaliza, Nesi."

Ile hasira ikamtoka Nesi Dorika usoni. Kilichokuja badala yake kilimtisha Anjelina zaidi.

"Kama ni hivyo, basi ni jambo jingine," alisema. "Mtoto anayemaliza uji wa karanga na yai kila siku, na bado haongezeki, yawezekana ana ugonjwa uliojificha. Jumatatu mpelekeni hospitali kubwa Ndanda, akapimwe kikamilifu. Na wewe, Mama Anjelina, hebu lete kidole." Akamchoma, akasubiri kipimo. "Damu tisa. Umeona? Vidonge vya kuongeza damu unameza?"

"Nameza, lakini vinanichafua roho."

"Meza baada ya kula, siyo tumbo tupu. Na ule mayai, na dagaa, na majani ya kunde. Huyo aliye tumboni anakula kupitia kwako."

Kumbe maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto nyumbani.

"Yai? Mjamzito?" Bibi Veridiana aliacha korosho zake. "Ili mtoto azaliwe kichwa kitupu bila unywele hata mmoja? Sijasikia!"

"Bibi, hayo siyo kweli!" Anjelina akadakia. "Hata mwalimu wa sayansi ametufundisha."

"Mwalimu wako amezaa wangapi?"

"Mama, mwacheni mtoto," akasema Baba kumwambia Bibi, akifunga baiskeli kwenye nguzo. "Tatizo siyo mayai. Tatizo mama yake Kasiani anachelewa kurudi kutoka shambani."

"Mimi nachelewa?" Mama akasimama, mkono kiunoni. "Baba Anjelina, korosho naziokota peke yangu? Na ile mifuko mitatu ya karanga iliyokuwa ndani, nani aliipakia miwili kwenye baiskeli akaiuze, na huu wa mwisho anautazama?"

"Na Godwin anakula kama mashine!" akasema Anjelina.

"Mimi?" Godwin akalia. "Mbona wewe..."

"Nyamaza!"

Ikawa kelele tupu. Bibi anamlaumu mwalimu, Baba anamlaumu Mama, Mama anamlaumu Baba, na Anjelina anawalaumu wote. Alikuwa amekasirika mpaka machozi. Watu wazima hawa! Nesi anasema hivi, wao wanafanya vile. Kwenye gunia, Kasiani alikuwa ametulia na ganda lake. Walikuwa wamemweka hapo, wakamkuta hapohapo.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, Mama alianza kufungasha. Khanga mbili, sufuria, sabuni, kadi ya kliniki. Kutoka Newala mpaka Ndanda si karibu. Angekwenda kwa basi, mimba mbele, mtoto mgongoni, na damu yake tisa, wakati korosho zinaanguka kila siku na hakuna wa kuziokota.

"Wakitulaza je?" alimwuliza Baba. "Wakitulaza wiki mbili?"

"Mtalala," akajibu Baba. "Tutafanyaje? Mtoto anaumwa."

Anjelina alisikia maneno hayo akiwa jikoni. Akakiweka kijiko chini. Mtoto anaumwa. Nani kasema anaumwa? Nesi. Na Nesi kaambiwa na nani?

Alasiri, Bibi alimwita yeye na Godwin wamsaidie kuchambua. Walifanya kazi kimya, na kimya ni kitu ambacho Bibi hakukiweza.

"Kitendawili!" akasema.

"Tega!" wakajibu, japo Anjelina hakuwa na moyo.

"Nina mgeni nyumbani kwangu. Watu watatu wanaapa wamemlisha, naye analala na njaa."

"Paka!" akasema Godwin.

"Paka anajilisha mwenyewe kwa panya."

"Kinu! Kinatwanga kila siku na hakishibi."

"Nani anaapa kwamba amelisha kinu? Tumia akili, wewe. Kama mmeshindwa, nipeni mji."

"Tunakupa Masasi."

"Masasi nimekwenda, nikazunguka sokoni, nikarudi. Siutaki."

"Tunakupa Tandahimba."

"Huko nina shemeji mgomvi. Nipeni mwingine."

"Basi tunakupa Ndanda," akasema Godwin.

Bibi hakucheka. Alishika korosho moja mkononi, akaigeuzageuza. "Ndanda," akasema polepole. "Ndanda mume wangu anakwenda kesho."

Anjelina akatazama gunia. Watu watatu. Mama akiuliza, Godwin anasema amekula. Bibi anasema nimemwona kwenye sinia. Yeye anasema alikula mchana. Na Mama anashukuru, analala.

"Bibi," akasema, "mgeni wako ni Kasiani."

"Umepata," akasema Bibi, bila furaha ya mchezo. "Jana usiku kucha nimewaza. Nimewaona mnakula kwenye sinia. Sikumbuki kumwona yeye anatafuna. Nilisema tu nimemwona. Lakini lipo linalonishinda hapo. Uji wa mchana. Ule anaumaliza, ulimwambia Nesi."

Anjelina akainamisha uso. Machozi yakaangukia korosho, mbichi na kavu kwa pamoja.

"Haumalizi yeye, Bibi. Namaliza mimi."

"Unasemaje?"

"Nampa vijiko viwili. Akigeuza uso nasema hataki, nakula mimi. Na yai pia. Halafu nakwenda kucheza. Kasiani haumwi, Bibi. Nilimdanganya Nesi kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Godwin alifungua mdomo, lakini Bibi alimtazama, akaufunga. Mama alikuwa amesimama mlangoni, khanga mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Anjelina!" Mama akasema, na sauti yake ikapanda. "Yaani mimi nafungasha mzigo, nataka kupanda basi na tumbo hili, nawaza mwanangu ana ugonjwa gani, sijalala usiku, kumbe ugonjwa ni wewe na rede yako? Mtoto gani wewe! Mtoto gani!" Akakaa chini, akajifuta uso kwa ile khanga. Anjelina angeona heri achapwe kuliko kuona vile.

"Nisamehe, Mama."

"Kesho," akasema Mama, "utayarudia maneno hayo mbele ya Nesi, kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi sisemi kitu."

Asubuhi walikuwa mlangoni mwa zahanati ya Nesi Dorika kabla haijafunguliwa: Mama, Anjelina, Kasiani mgongoni, na Bibi Veridiana na fimbo yake, ambaye alisema magoti yakubali yasikubali, leo anakwenda. Anjelina alisema yote. Hata la yai hakuliruka.

Nesi Dorika alisikiliza. Kisha akaenda ndani, akarudi na uji wake mwenyewe wa asubuhi aliokuja nao kwenye chupa. Akaumimina kwenye bakuli dogo, akachanganya karanga, akampa Anjelina.

"Mlishe. Nataka kuona."

Kijiko cha kwanza, nusu kikateremka kidevuni. Cha pili, Kasiani akageuza uso. Anjelina akamtazama Nesi.

"Nani kakwambia hataki?" akasema Nesi. "Anapumzika. Wewe unaweza kula bila kupumua? Ngoja. Zungumza naye."

Anjelina akangoja. Akamwimbia kidogo. Kasiani akageuka, akafungua mdomo. Kijiko cha tatu kikaingia chote. Akapumzika tena, akatazama kuku waliokuwa uani, akafungua mdomo. Iliwachukua karibu nusu saa. Mwishoni Kasiani alishika ukingo wa bakuli kwa mikono miwili na kuangalia ndani, kisha akalia kwa sauti kubwa ambayo hawajaisikia siku nyingi.

"Haya," akasema Nesi Dorika. "Kwa ninavyomwona, huyu haumwi. Huyu ana njaa. Safari ya Ndanda tuiweke kwanza, lakini wiki ijayo nimwone tena, na wiki ile nyingine pia. Asipoongezeka, mtakwenda. Na huo ukimya wake mnaousifu muache kuusifu. Mtoto wa umri huu ukimweka hapa, umkute pale anamwaga maji. Akitulia sana, mwili unabana matumizi."

"Nesi," akasema Bibi, "na mimi nina langu. Mtoto amesema kweli, siwezi kubaki nyuma." Akashika fimbo yake kwa mikono yote miwili. "Nilizaa saba. Sikula yai hata moja, nilivyofundishwa na mama yangu. Wote saba walizaliwa na nywele nzuri, nyeusi. Wanne nimewazika na nywele zao."

Nesi akamshika Bibi mkono.

"Hatujui kilichowachukua, Bibi," akasema. "Usijibebeshe. Lakini mayai hayanyonyoi nywele za mtu, hilo najua. Nimezalisha watoto wengi wa wanaokula mayai. Wana nywele za kusukwa."

"Basi huyu mkwe wangu atakula," akasema Bibi. "Nitampikia mwenyewe. Nimtazame akimeza."

Siku hiyohiyo mambo yalibadilika, na aliyebuni njia alikuwa Anjelina. Alichagua bakuli dogo la buluu likawa la Kasiani peke yake. Hakuna tena kula kwenye sinia na wenye mikono ya panya. Kisha juu ya ukuta wa baraza akaweka vifuu viwili, na katika kimoja akaweka korosho tano: tatu za milo mikubwa, mbili za vitafunio, kama embe au kipande cha boga. Aliyemlisha Kasiani mpaka bakuli likaisha ndiye mwenye ruhusa ya kuhamisha korosho moja kwenda kifuu cha pili. Mama akirudi kutoka shambani haulizi tena "amekula?" Anachungulia vifuu.

Haikuwa rahisi. Siku ya pili Godwin alihamisha korosho mbili kwa mpigo ili awahi mpira, Bibi akamrudisha kwa sikio. Baba aliambiwa korosho moja ni yake, jioni, na siku ya kwanza aliishia na uji kwenye shati. "Kumbe hii kazi!" alisema. Lakini ule mfuko wa mwisho wa karanga haukuuzwa, ulibaki ndani, na yeye ndiye aliyeufunga. Mwanasha akaja kumwita Anjelina, akaambiwa asubiri nusu saa. Akanung'unika, halafu akaketi, akaanza kumwimbia Kasiani na yeye.

Mwezi uliofuata mizani ikaning'inizwa tena kwenye ile boriti. Safari hii Kasiani alipotundikwa alipiga kelele, akarusha mateke, akaivuta miwani ya Nesi.

"Shika huyu mtu!" akasema Nesi Dorika. Akasoma. Akavaa miwani vizuri, akasoma tena. "Kilo nane na pointi nne."

Akaunganisha nukta. Mstari ukainuka, ukatoka kwenye kijivu, ukagusa kijani, japo pembeni kabisa. Damu ya mama ilikuwa imefika kumi na nusu. Bibi aliomba asomewe kadi mara mbili, ingawa alikwisha kuelewa mara ya kwanza.

"Anjelina, njoo hapa mbele," akasema Nesi, na Anjelina akaenda, akiogopa kidogo. Nesi akawageukia akina mama wote. "Nilipokuja mwezi uliopita nilisema idadi ya waliodumaa inashuka duniani, nikawafokea kwamba nyinyi mnasubiri nini. Labda mlidhani inashuka yenyewe kama korosho, sisi kazi yetu kuokota. Haishuki yenyewe. Inashushwa nyumbani kwa mtu, kwa kijiko, kwa kungoja mtoto apumzike afungue mdomo tena. Na kijiko hakisaidii kitu kama mwenye kukishika hasemi kweli. Mtoto huyu alinidanganya, nikakaribia kutibu ugonjwa ambao haupo. Aliposema kweli, ndipo tukauona uliopo. Kwa hiyo nyinyi watoto mnaolisha wadogo zenu, akibakiza, semeni amebakiza. Ukiwa umekula wewe, sema umekula wewe. Nitakufokea, ndiyo. Lakini mdogo wako atashiba. Mmenisikia?"

"Ndiyo, Nesi," wakaitikia.

Nesi Dorika akavua miwani, akawatazama mmoja mmoja.

"Tutaona," akasema. "Haya, mwingine, mtundikeni!"